Tangi la furu nyumbani Mwanza: mwongozo kamili kwa aliyekwisha kuua samaki mara mbili

Picha ninazotumiwa zinafanana. Tangi jipya sebuleni, maji yamepauka kama yametiwa maziwa, na furu watatu, wale samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Victoria, wamelala ubavu juu ya mchanga. Swali nalo ni lilelile: "Kaka, nimekosea wapi? Maji nimechota ziwani, mawe ya ziwani, samaki wa ziwani."

Umekosea hapohapo. Umedhani kwa kuwa ziwa liko mlangoni, furu atajiona yuko kwao popote utakapommwagia maji ya huko. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Uchafu wa samaki mmoja mle hauonekani. Kwenye lita 160 uchafu huohuo unamrudia mwenyewe kwenye matamvua (mashavu anayopumulia) ndani ya siku chache. Vifo vingi ninavyoulizwa vinatokea kati ya siku ya tatu na ya kumi, na ugonjwa haumo.

Huu ni mwongozo wa tangi moja, la ukubwa mmoja, kwa aina moja ya furu. Tangu kununua kioo mpaka samaki wa kwanza kuingia nyumbani ni wiki nane hivi, kisha wiki tatu za kuwatenga kabla hawajaingia tangini. Kama wiki nane ni nyingi kwako, bora ujue sasa kabla hujampigia fundi.

Na usiniulize kuhusu sato wala sangara. Sato anapita sentimita 40, sangara anaweza kuzidi kilo 100. Hao ni wa ziwani na wa sahani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangi la kioo la sm 100 × 40 × 40, kioo cha mm 8, lenye mikanda ya kioo juu
- Stendi ya chuma na kipande cha stairofomu (lile povu jeupe gumu linalokuja na TV mpya)
- Mchanga kilo 20 hadi 25, na mawe ya kutosha kujaza theluthi ya tangi
- Pampu ya hewa yenye matundu mawili, mipira yake, na valvu mbili za kuzuia maji kurudi
- Machujio mawili ya sponji
- Pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa siku umeme ukikatika
- Kipimajoto cha maji
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati na pH (kipimo cha tindikali ya maji)
- Pipa la lita 100, ndoo mbili za lita 20, na mpira wa maji wa mita mbili
- Wavu wa kufunikia na taa ya kawaida ya LED
- Beseni kubwa la lita 60 hivi, la kuwatenga samaki wapya

Ndoo na pipa viwe vipya. Ndoo iliyowahi kufulia haitakati kwa kusuuzwa. Sabuni hujificha kwenye mikwaruzo ya plastiki.

Hita usinunue kwanza. Furu wanataka maji ya nyuzi 23 hadi 27, na ndani ya nyumba nyingi za Mwanza maji yanakaa humo mwaka mzima. Pima alfajiri kwa wiki moja ndipo uamue. Mimea pia acha, furu wataing'oa.

Ukikosa hela ya vitu vyote, punguza taa, punguza stendi hata uombe ya jirani. Vipimo vya matone usipunguze. Bila hivyo unafuga samaki huku umefumba macho.

## Hatua ya 1: Kioo na silikoni

Fundi wa vioo wa madirisha anaweza kukutengenezea tangi zuri, lakini simama naye wakati anachagua silikoni. Unataka silikoni safi, inayonuka siki ikiwa mbichi, isiyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Ile ya kuzuia ukungu ina dawa ndani, na dawa inayoua ukungu wa bafuni haitawaacha samaki wako.

Nilijifunza hili kwa samaki tisa. Fundi alikuwa hodari, kona zimenyooka, hakuna tone lililovuja. Niliwatoa wale tisa mmojammoja kwa siku nne kabla sijakwenda kuliokota kopo la silikoni kwenye takataka zake na kulisoma.

Akimaliza, liache siku saba. Kisha lijaze maji likiwa nje, juu ya ubao ulionyooka, likae siku mbili. Pangusa kona kwa karatasi kavu asubuhi na jioni. Karatasi ikibaki kavu, mwaga, lipeleke ndani.

## Hatua ya 2: Mahali na stendi

Piga hesabu: maji kilo 160, kioo kama 30, mawe na mchanga 50. Umeweka ukutani magunia mawili ya mahindi na zaidi. Meza ya TV haibebi hivyo.

Fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma yenye miguu minne mizito. Iwekee pima maji pande zote mbili. Ikiinama hata kidogo, kioo kinabeba uzito kona moja, na kitapasuka siku usiyoitaka. Stairofomu inakaa kati ya stendi na tangi ili kumeza vijichangarawe na mabonde madogo ya chuma.

Liwe mbali na dirisha linalopigwa jua. Jua la saa nane mchana linapandisha joto na kulifanya tangi kuwa la kijani kwa wiki mbili. Na lisiwe jikoni: moshi, mafuta na dawa ya mbu ya kupuliza vinaingia majini kupitia pampu ya hewa.

## Hatua ya 3: Mawe na mchanga

Kwa mawe, Mwanza hatuna cha kulalamika. Jiwe la kwenye miamba yetu ni gumu, halibadilishi maji, na ndilo furu wa miambani wamelizoea. Ukitilia shaka jiwe fulani, lidondoshee siki. Likichemka povu lina chokaa. Si sumu, ila litapandisha pH bila wewe kujua.

Sugua kwa brashi bila sabuni, kisha lianike juani wiki nzima. Usilichemshe jikoni. Jiwe lenye ufa uliojaa maji linaweza kupasuka na kukurushia vipande.

Mchanga ndio wa kuangalia sana. Chukua wa mto au wa ujenzi, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Mimi huosha mara kumi na mbili, kumi na tano. Usichukue mchanga wa marudio ya dhahabu, yaani uliobaki baada ya kutolewa dhahabu, hata ukipewa bure. Umepita kwenye zebaki, pengine na sayanidi. Kanda yetu ina machimbo mengi, na mchanga huo unazunguka kwenye malori ukiwa umechekechwa vizuri na kupendeza macho. Usipojua ulikotoka, usiununue.

Ukiuchukua ufukweni, uanike mkavu kabisa kwa wiki mbili. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye matope na majani ya kando ya ziwa, na huna haja ya kuwaleta sebuleni.

Kupanga: mawe kwanza, moja kwa moja juu ya kioo cha chini (tanguliza stairofomu nyembamba), mchanga baadaye kuyazunguka. Wengi hugeuza. Furu ni mchimbaji. Akichimba chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe linaserereka na kugonga kioo. Sukuma kila jiwe kwa kidole. Likitikisika, lipange upya.

Umefaulu ukiona mapango matano au sita yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Pango la mlango mmoja ni mtego: dume akimfuata jike humo hatoki mzima.

## Hatua ya 4: Maji

Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hutolewa ziwani, yanachujwa na kutiwa klorini. Hayo ndiyo utakayotumia, si ya kuchota. Maji ya ufukweni hapa mjini yana mwani, taka za mitaro na viumbe usivyovijua, na kuyafuata unaingiza miguu kwenye kichocho. Ziwa unalotaka kuiga ni lile la miambani, maji yanapopumua, na hilo huwezi kulibeba kwenye dumu.

Klorini inachoma matamvua na kuua bakteria unaotaka kuwafuga. Kuitoa: jaza pipa, tumbukiza mpira wa hewa, acha saa 24. Bila hewa, acha siku mbili pipa likiwa wazi, limefunikwa chandarua tu. Ukipata dawa ya kuondoa klorini dukani, tumia kipimo kilichoandikwa. Kuna siku ukifungua bomba harufu inakupiga usoni; siku hizo ongeza muda.

Maji ya mvua peke yake hayafai, hayana madini ya kuishikilia pH. Ya kisima pima kwanza.

Unatafuta pH kati ya 7.2 na 8.5. Ikishuka chini ya 7, weka makombe mawili matatu yaliyooshwa kwenye mfuko wa wavu, uyatumbukize kwenye tangi. Na hapa nionye: mtandaoni utakuta maelekezo ya kutia chumvi na magadi, yameandikwa kwa ajili ya samaki wa Tanganyika na Nyasa. Maji ya kule ni magumu zaidi, yaani yana madini mengi. Ya kwetu ni laini. Furu hahitaji chumvi.

## Hatua ya 5: Chujio na umeme

Nimechagua sponji kwa makusudi. Kuna machujio ya kisasa yaliyofungwa kama kopo, yanasafisha maji kama kioo, lakini yanamfaa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Bakteria walio ndani ya kopo wanahitaji hewa kama wewe. Umeme ukikatika saa kadhaa wanaanza kufa, na ukirudi, pampu inalitapika lile oza lote ndani ya tangi. Sponji imekaa wazi majini, na pampu ya betri ya ukubwa wa sabuni inatosha kuiendesha.

Weka sponji mbili, kila moja na mpira wake. Siku ukiosha moja, nyingine inaendelea na kazi.

Sasa valvu. Ni kipande cha plastiki kidogo kuliko kidole, kinakaa katikati ya mpira wa hewa, na watu hukiruka kwa sababu tangi "linafanya kazi bila hicho". Linafanya kazi mpaka umeme ukatike. Pampu ikisimama, maji hupanda kwenye mpira, yanavuka ukingo na kushuka upande wa pili, na hayaachi mpaka yafike usawa wa mdomo wa mpira ulio ndani. Pampu yangu ilikuwa sakafuni. Umeme ulikatika saa saba usiku. Saa kumi na mbili asubuhi nilikanyaga zulia, likanijibu chwaa. Furu walikuwa wamebaki na maji ya kimo cha kiganja.

Kwa hiyo: valvu kwenye kila mpira, na pampu iwe juu ya usawa wa maji. Waya wa umeme nao uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likiufuata lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi.

## Hatua ya 6: Wiki sita bila samaki

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoua. Jaza maji, washa pampu, funika, halafu usiweke samaki.

Samaki anatoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua. Bakteria wa kundi la kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: inaizuia damu kubeba hewa. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Makundi haya mawili hayapo kwenye tangi jipya. Yanazaliana polepole, kwenye sponji, mawe na mchanga. Wiki hizi sita unafuga bakteria.

Na maji yetu yenye pH ya juu yanaongeza hatari. Kwenye nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali kwenye pH 8 ni kama mara kumi ya ile ya pH 7. Kiasi ambacho samaki wa maji yenye tindikali angekivumilia kinamwua furu.

Fanya hivi:

Siku ya 1. Chukua kipande cha mnofu wa samaki mbichi cha ukubwa wa kidole gumba. Kifunge kwenye kipande cha soksi nyembamba ya kike, kitumbukize. Kitaoza na kutoa amonia. Nyumba itanuka kidogo kama mwaloni (pale wavuvi wanaposhushia samaki) jioni. Waarifu wenzako wa nyumbani mapema.

Siku ya 3 hadi 7. Maji yanapauka. Usiyabadilishe, usitie dawa. Ni bakteria wengine wanaokula uchafu ulioyeyuka, watakwisha wenyewe.

Kila baada ya siku mbili, pima. Mrija mdogo wa kioo, maji mpaka kwenye mstari, matone kwa idadi iliyoandikwa, tikisa, subiri dakika tano, ushike mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Kwenye vipimo vingi vya amonia, njano ni sifuri na kijani ni sumu. Usisome chini ya taa ya njano, kila kitu kitaonekana sifuri. Andika tarehe na namba kwenye daftari.

Amonia ipande hadi mg 2 au 4 kwa lita. Ikizidi 5, toa kipande na ubadilishe nusu ya maji, maana ikizidi sana hata bakteria wenyewe inawachelewesha.

Wiki ya 2 hadi ya 4. Amonia inaanza kushuka, nitriti inapanda. Hapa wengi hushangilia na kwenda kununua samaki. Wamebadilisha sumu moja kwa nyingine.

Wiki ya 4 hadi ya 6. Nitriti inashuka, nitrati inaonekana. Weka kipande kipya cha mnofu na upime siku tatu mfululizo. Amonia 0, nitriti 0 siku zote tatu, huku nitrati ikizidi kupanda: tangi limeiva. Toa kipande, badilisha nusu ya maji.

Kuna njia ya mkato moja tu halali. Kama una rafiki mwenye tangi lililoiva, lisilo na samaki mgonjwa, mwombe sponji yake chafu. Ibebe ikiwa imelowa maji ya tangi lake, ikamulie kwenye lako. Wiki sita zinaweza kuwa mbili. Bado utapima.

## Hatua ya 7: Furu yupi

Kwa lita 160 chagua aina moja: dume mmoja na majike watano au sita. Madume wawili kwenye sentimita 100 ni ugomvi kila siku, na atakayeshindwa atajibana juu kwenye kona karibu na chujio, mapezi yamechanika, mpaka afe.

Wa kuanzia ni wale wadogo wa miambani, wasiozidi sana sentimita 10. Yule dume mwekundu mgongoni mwenye ubavu wa manjano na michirizi myeusi wataalamu wanamwita Pundamilia nyererei. Neno la kwanza ni letu wenyewe, la pili ni la Mwalimu. Ana ndugu yake wa rangi ya kibuluu, Pundamilia pundamilia, anayekaa zaidi kwenye kina kifupi.

Usiwaweke pamoja hawa wawili. Jike humchagua dume kwa rangi yake, na maji yakichafuka hata ziwani wanaanza kukoseana. Majike wao wanafanana mno. Hata mimi baada ya miaka hii nikiletewa ndoo mchanganyiko siwezi kuapa. Kwa hiyo chukua majike waliovuliwa mwamba uleule na dume wako, kwa mtu mmoja, siku moja.

## Hatua ya 8: Kuwapata

Mwaloni hupati furu wa kufuga. Waliofika pale wamekwisha kufa au wanakaribia. Unamhitaji mvuvi wa ndoano anayevua kando ya miamba, kama huko Luchelele.

Kabla ya hapo kamwone afisa uvuvi wa eneo lako, mweleze unachotaka, akuambie kibali unachohitaji. Na kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa. Pale usichukue samaki wala jiwe.

Masharti ya kumpa mvuvi:

- Ndoano ndogo, kijino chake kibonyezwe kwa koleo, ili itoke bila kurarua mdomo.
- Kina kisizidi mita nne au tano. Furu aliyevutwa haraka kutoka kina kirefu kibofu chake cha hewa kinavimba. Anaelea tumbo juu, na wengi hawaponi.
- Samaki wa kokoro (wavu wa kukokota) sitaki. Kokoro limekatazwa, na samaki wake amekwanguliwa magamba. Ukungu utamwota siku ya tatu.
- Ndoo yenye kifuniko, kivulini, samaki wasiozidi wanne, pampu ya betri ikiwa inanguruma.

Usiingie majini mwenyewe kumsaidia. Kaa juu ya mwamba.

Angalia kila samaki kabla ya kulipa: macho mawili yasiyo na ukungu, tumbo lisilozama wala kuvimba, mapezi yamefunguka, anapumua kwa utulivu. Anayejikuna kwenye ukuta wa ndoo mwache. Rangi iliyofifia isikutie shaka, dume aliyeogopa hupauka kama jike ndani ya dakika moja. Mwangalie upande wa nyuma: dume huwa na madoa ya manjano kama mayai kwenye pezi la chini karibu na mkia.

## Hatua ya 9: Beseni kwanza, tangi baadaye

Jaza beseni maji yaliyotoka klorini, weka sponji moja iliyoiva kutoka kwenye tangi, na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Samaki wapya wakae humo wiki tatu. Maji ya ndoo ya ziwani usiyamwage kwenye beseni wala kwenye tangi.

Kuwahamisha: ongeza kikombe kimoja cha maji yako kwenye ndoo kila dakika tano kwa saa nzima, kisha wapitishe kwa wavu.

Wiki hizo tatu unatazama madoa meupe, kinyesi cheupe kinachoburuzika kama uzi, na anayekataa kula. Pima amonia kila siku, beseni ni dogo. Badilisha theluthi ya maji kila ikionekana.

Siku ya kuwahamishia tangini waingize majike kwanza, zima taa. Dume mwache siku nne au tano zaidi. Akitangulia yeye, tangi zima ni shamba lake na kila anayeingia ni mwizi.

Umefaulu ukiona kesho yake wote wanakula na hakuna aliyejibana juu kwenye kona. Mafukuzano mafupi yasiyoishia kwenye jeraha ni maongezi ya kawaida ya furu.

## Hatua ya 10: Chakula

Siku mbili za kwanza usiwape kitu. Baadaye, asubuhi na jioni, kiasi wanachomaliza kwa dakika moja. Kinachofika mchangani kimezidi.

Chakula chetu kiko karibu: punje ndogo za vifaranga wa sato zinazouzwa kwa wafugaji wa vizimba, zikisagwa kidogo. Mara mbili kwa wiki ongeza mchicha uliochovywa maji ya moto na kukatwakatwa. Unga wa dagaa kidogo sana, unachafua maji. Nyama ya ng'ombe hapana: mafuta yake hayameng'enywi, tumbo linavimba. Ugali na mkate pia hapana, hata mtoto akilia.

Siku moja kwa wiki wafunge.

## Hatua ya 11: Kazi ya kila wiki

Jumamosi yangu inachukua dakika arobaini. Nafyonza robo hadi theluthi ya maji kwa mpira, mdomo wa mpira ukipita juu ya mchanga. Usiuanzishe kwa kunyonya. Ujaze maji bombani, ziba ncha kwa vidole, tumbukiza moja, achia nyingine. Najaza maji ya pipa yaliyokwisha kutoka klorini.

Sponji moja kila wiki mbili, kwa zamu, naikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini. Kamwe si chini ya bomba. Nimemwona jirani yangu, mtu msafi kupindukia, akiisugua sponji kwenye sinki mpaka ikawa kama mpya. Amonia ilirudi siku ya pili.

Nitrati ikibaki chini ya mg 40 kwa lita, kazi yako inatosha. Ikizidi, una samaki wengi au mkono mzito wa kulisha.

## Mambo yakiharibika

Wote wako juu wanahema. Usitafute dawa. Ongeza hewa, badilisha nusu ya maji, pima amonia na nitriti, acha kulisha. Ikiwa ni nitriti, gramu moja ya chumvi ya kupikia kwa kila lita inasaidia, kwa sababu inaizuia kuingia kwenye damu. Hii ndiyo chumvi pekee ninayoikubali.

Umeme umekatika. Pampu ya betri mara moja, usilishe. Huna betri? Chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Mmoja ana tumbo kubwa, hali chakula, kinyesi cheupe. Mtenge kwenye beseni, asile siku tatu, maji masafi kila siku. Wakiwa wawili au watatu kwa pamoja, angalia chakula.

Jike hali chakula, koo limevimba, anajificha. Huyu si mgonjwa. Mwangalie kwa ubavu, karibu na kioo: taya la chini limeshuka kama mfuko, na kila baada ya muda anatafuna bila kula kitu, anayageuza mayai. Furu analea mdomoni. Atakaa hivyo wiki tatu hivi bila chakula, akikonda kichwa kibaki kikubwa.

Ukitaka watoto wapone, siku ya kumi na tano mchote usiku, taa zikiwa zimezimwa, kwa bakuli wala si kwa wavu, maana akishtuka anatema. Mweke peke yake kwenye beseni. Akiwaachia, mrudishe baada ya siku tatu nne akiwa ameshiba. Watoto wape punje zilizosagwa kuwa unga, mara tatu kwa siku.

Wakifika sentimita tatu utakuwa na vichwa pengine ishirini na nafasi ya wawili. Anza kuwatafutia wenyewe mapema, mtu mwenye tangi lililoiva. Ziwani usiwarudishe, hata mwamba ukiwa uleule: wamekaa na bakteria na minyoo ya nyumbani kwako, na huna hakika mama yao alikuwa wa aina gani.